Wasomaji Wanauliza: Grierson, jenerali wa farasi aliyetoka darasa la muziki

Katika toleo lililopita tulimtaja kwa aya moja tu Benjamin Henry Grierson (1826–1911), jenerali wa Kimarekani wa askari wapanda farasi, kwamba alikuwa mwalimu wa muziki, na kwamba mwaka 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akipigania upande wa Kaskazini, alilikata jimbo la Mississippi, lililokuwa la Kusini, kutoka kaskazini hadi kusini akiwa na watu 1,700. Aya hiyo imezaa barua nyingi. Tumezipunguza urefu, na zile zinazofanana tumezijibu pamoja.

Ndugu wahariri, mmesema alikuwa mwalimu wa muziki. Kwingine nimesoma kwamba alichukia farasi. Mtu wa namna hiyo alipewaje kikosi cha farasi?
*Msomaji, Iringa*

Akiwa mtoto wa miaka 8, huko Youngstown, Ohio, farasi alimpiga teke usoni. Kwa muda hakuona, na kovu alibaki nalo maisha yote. Habari ya chuki imetiwa chumvi kiasi, lakini ni kweli kwamba vita vilipoanza yeye alitaka kuingia jeshi la miguu.

Alikuwa akifundisha muziki na kuongoza bendi mjini Jacksonville, Illinois. Baadaye akafungua duka Meredosia, likafilisika. Mwaka 1861 alijiunga kama msaidizi wa Jenerali Benjamin Prentiss huko Cairo (Cairo ya Illinois, si ya Misri), na mwezi Oktoba akateuliwa meja wa Rejimenti ya 6 ya Farasi ya Illinois. Aprili 1862 akawa kanali wake.

Msishangae sana. Rejimenti za kujitolea ziliundwa na majimbo, na gavana ndiye aliyegawa vyeo. Mawakili, wenye maduka na wanasiasa walijaa humo, na wengi wao walikuwa hasara. Grierson alikuwa na kitu ambacho wengi hawakuwa nacho: alizoea kusimama mbele ya watu wasiojua kazi na kuwafundisha wafanye jambo moja kwa wakati mmoja. Kikosi cha farasi huongozwa kwa tarumbeta, kwa sababu sauti ya mtu haisikiki kwenye kishindo cha kwato. Kwa kiongozi wa bendi hilo halikuwa jambo geni.

Watu 1,700 na farasi wao si sindano. Wanapitaje siku 16 ndani ya nchi ya adui yenye reli na simu za waya bila kuzingirwa?
*Mwalimu wa historia, Tanga. Swali kama hili limetoka pia Kakamega na Bujumbura*

Mwalimu, tuanze na sababu ya safari yenyewe. Aprili 1863 Jenerali Ulysses Grant alitaka kuiteka Vicksburg, ngome ya Kusini kwenye mto Mississippi. Mpango wake ulikuwa kuvuka mto kusini ya mji huo. Kabla ya kuvuka alihitaji Jenerali John Pemberton, mlinzi wa jimbo aliyekuwa na makao Jackson, atazame kwingine. Grierson alitumwa awe hicho cha kutazamwa.

Aliondoka La Grange, Tennessee, alfajiri ya 17 Aprili na rejimenti tatu: ya 6 na ya 7 za Illinois na ya 2 ya Iowa. Alikuwa pia na mizinga sita midogo aina ya Woodruff, ya risasi ya ratli mbili, myepesi kiasi cha kuvutwa kwenye njia mbovu bila kuuchelewesha msafara.

Kisha akaanza kujipunguza makusudi. Tarehe 20 aliwachambua wagonjwa na wenye farasi waliochoka, kama watu 175, akawaweka chini ya Meja Hiram Love pamoja na mateka na mzinga mmoja, akawarudisha kaskazini usiku. Askari waliwaita kwa utani Brigedi ya Kwinini. Walipita wanne wanne katika barabara ileile waliyojia, ili asubuhi wenyeji wazione nyayo na kutangaza kwamba jeshi zima limerudi.

Kesho yake alirudia mbinu hiyo kwa ukubwa zaidi. Kanali Edward Hatch na rejimenti nzima ya Iowa waliachwa nyuma wafanye fujo kuelekea reli ya Mobile and Ohio, kisha warudi Tennessee. Kabla hawajaondoka, kundi lao lilifuata msafara mkuu kilomita chache, likageuka na kurudi juu ya nyayo za wenzao ili kuzifuta. Mzinga mmoja waliokuwa nao waliuzungusha barabarani mahali panne tofauti, kila zamu ukiacha alama yake ya magurudumu, ili anayesoma barabara aone kwamba mizinga yote imegeuka. Luteni Kanali Clark Barteau wa Kusini, aliyekuwa akiwafuata kwa bidii, alisoma barabara hiyo na kumfuata Hatch. Grierson akabaki na watu 950 hivi, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Tarehe 22 alimtoa Kapteni Henry Forbes na watu 35 tu wakazikate nyaya za simu upande wa Macon. Hawa walifika hadi Enterprise, mji wenye askari wengi kuliko wao, wakainua kitambaa cheupe na kutaka mji ujisalimishe. Wakati wakubwa wa mji wakishauriana, Forbes na watu wake waliondoka kwa kasi.

Mbele ya msafara walitangulia askari wachache wa upelelezi chini ya Sajini Richard Surby, waliovaa nguo za kiraia na mavazi ya Kusini. Hao ndio waliouliza njia na kupeleleza habari za madaraja, wakaingia vituo vya reli kama wenyeji. Hatari ya kazi hiyo iko wazi: askari aliyekamatwa na sare yake ni mateka wa vita, aliyekamatwa na nguo za adui hunyongwa kama jasusi. Surby alipojeruhiwa 1 Mei kwenye daraja la Wall, juu ya mto Tickfaw, wenzake walimvua haraka zile nguo na kumvisha sare kabla ya kumwacha akamatwe. Siku hiyohiyo Luteni Kanali William Blackburn alijeruhiwa vibaya, na baadaye akafa. Alilivamia daraja kwa pupa bila kungoja msafara. Ni kosa la kawaida la afisa wa farasi ambaye mambo yamemnyookea siku nyingi mfululizo.

Kuhusu simu, kuikata ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kuitumia. Baada ya kuvuka mto Pearl tarehe 27 kwa pantoni iliyochukua farasi 24 kwa safari, walituma watu Hazlehurst wapeleke simu kwa Pemberton: Wayankee (yaani watu wa Kaskazini) wamefika Pearl, wamekuta pantoni imeharibiwa, wameshindwa kuvuka na wameelekea kaskazini mashariki. Wakati ujumbe unasomwa Jackson, wao walikuwa ng'ambo.

Pemberton hakuwa mjinga. Shida yake ni kwamba sehemu kubwa ya farasi wake ilikuwa imepelekwa Tennessee, kwa hiyo alimkimbiza mpanda farasi kwa askari wa miguu waliopandishwa treni. Kila alipoambiwa adui yuko mahali fulani, habari hiyo ilikuwa ya jana. Grant alivuka huko Bruinsburg kuanzia 30 Aprili karibu bila kupingwa. Grierson aliingia Baton Rouge, Louisiana, mji uliokuwa mikononi mwa Kaskazini, tarehe 2 Mei, baada ya kilomita 960 hivi. Katika saa 28 za mwisho alikwenda kilomita 122 na kupigana mara nne, bila chakula wala usingizi.

Kwa hesabu yake mwenyewe, msafara wa Illinois ulipoteza watu 3 waliouawa, 7 waliojeruhiwa, 9 waliopotea na wagonjwa 5 walioachwa njiani. Anadai pia aliharibu reli na simu kati ya maili 50 na 60. Takwimu za waliouawa tunaziamini. Hizo za reli zisomeni kama taarifa ya kamanda anayeandika kwa mkubwa wake.

Farasi 1,700 walikula nini? Mimi nafuga ng'ombe kumi na lishe inanishinda.
*Mfugaji, Nakuru*

Swali lako, ndugu mfugaji, ndilo makamanda walilokosa usingizi nalo. Posho rasmi ya farasi wa jeshi la Marekani ilikuwa ratli 14 za nyasi kavu na ratli 12 za nafaka kwa siku, yaani takribani kilo 6.4 na kilo 5.4. Zidisha kwa 1,700 utapata tani 20 kila siku. Kuzibeba unahitaji magari ya kukokotwa, magari yanahitaji nyumbu, na nyumbu nao wanakula. Msafara unakuwa wa kobe.

Kwa hiyo Grierson hakubeba. Kila askari aliondoka na nafaka kidogo katika mfuko wa kulishia farasi, risasi 40, na posho ya siku tano kwenye shanta, kwa amri kwamba posho hiyo itoshe siku kumi. Yaliyobaki yalitoka kwenye maghala ya mashamba ya njiani. Hii inaeleza pia kwa nini hakuweza kukaa mahali pamoja. Shamba linaloweza kulisha farasi mia tisa usiku mmoja haliwezi kuwalisha usiku wa pili.

Lakini njaa haikuwa muuaji mkubwa wa farasi. Mgongo ndio. Tandiko la McClellan, lililotumika tangu 1859, lilikuwa na uwazi katikati juu ya uti wa mgongo ili hewa ipite na mfupa usiguswe. Limefunikwa kwa ngozi mbichi iliyokaushwa, na ngozi hiyo ikipasuka kwenye mshono hukata kama kisu. Ongeza blanketi lililokunjwa vibaya na mpandaji anayesinzia huku ameegemea upande mmoja, basi kwa siku moja kidonda kimeshaanza. Dawa yake ni nidhamu: kushuka na kutembea sehemu ya kila mwendo, kukunjua na kukunja upya blanketi, kukagua viatu vya chuma kila kituo. Kiatu kimoja kikidondoka kwenye njia ya mawe, farasi huyo jioni anachechemea.

Waliochoka walibadilishwa papo hapo kwa farasi na nyumbu wa mashambani. Walichukua takribani 1,000 katika safari nzima. Wenye mashamba hawakulipwa, na ukiambiwa safari hiyo ilikuwa ya kiungwana, kumbuka mkulima aliyebaki mwezi wa Aprili bila mnyama wa kulima.

Nimestaafu kazi ya reli, najua kuitengeneza. Nielezeni jinsi hawa walivyoivunja, maana reli si uzio wa miti.
*Mstaafu, Tabora*

Mzee wetu, shikamoo. Njia ya kawaida katika vita ile ilikuwa hivi: unang'oa misumari, unanyanyua chuma, unarundika mataruma na kuyawasha, kisha unalaza vyuma juu ya moto ili katikati pawe pekundu na ncha zishuke kwa uzito wake. Kosa la wengi lilikuwa kuishia hapo. Chuma kilichopinda tu hunyooshwa na fundi na kurudishwa. Kinachotakiwa ni kukisokota kikiwa bado chekundu. Hicho lazima kirudi kiwandani kuyeyushwa, na Kusini ilikuwa na viwanda vichache mno vya kufanya hivyo.

Kusokota kunahitaji vyombo, watu wengi na muda. Askari wa farasi hana hata kimoja. Ndiyo maana Grierson aliyalenga madaraja na njia za juu zilizojengwa kwa mbao. Nguzo za mbao zikiungua, hata kama kila chuma kimebaki salama, treni haipiti hadi useremala umalizike.

Mfano wake bora ni kituo cha Newton, kwenye reli ya kutoka Meridian kwenda Jackson na Vicksburg, asubuhi ya 24 Aprili. Wapelelezi walitangulia, wakajua treni zinatarajiwa. Askari wakajificha nyuma ya majengo. Treni ya kwanza ilikuwa na mabehewa 25 ya mataruma na mashine, ya pili mabehewa 13 ya chakula na risasi, pamoja na maelfu ya makombora. Zote mbili zilikamatwa na kuchomwa, vichwa vya treni vikalipuliwa. Daraja lililoko nusu maili magharibi ya kituo liliharibiwa, na Meja Starr akapelekwa mashariki kuharibu madaraja ya mto Chunky. Mateka 75 waliachiliwa kwa kiapo, yaani walitia sahihi kwamba hawatapigana hadi wabadilishwe rasmi na mateka wa upande wa pili. Utaratibu huo ulimfaa sana mvamizi, kwani mateka angehitaji mlinzi, chakula na farasi.

Je, aliwahi kushindwa?
*Kisii*

Ndiyo, vibaya. Tarehe 10 Juni 1864 huko Brice's Crossroads, Mississippi, chini ya Jenerali Samuel Sturgis, dhidi ya Nathan Bedford Forrest, jenerali wa farasi wa Kusini. Farasi wa Grierson walifika kwanza, wakashuka na kupigana kwa miguu.

Hapa pana jambo ambalo picha za kuchora hazionyeshi. Askari wa farasi wakishuka, mmoja katika kila wanne hubaki nyuma akishika hatamu za farasi wanne. Kikosi cha 200 kinapiga risasi na watu 150. Forrest alishambulia kabla askari wa miguu wa Sturgis hawajafika, na hao walipofika walikuwa wamekimbizwa kilomita kadhaa katika joto na tope, wengine wakianguka njiani. Mstari ulipovunjika, gari moja lililopinduka kwenye daraja la kijito cha Tishomingo likawaziba wote. Kati ya watu 8,000 na kidogo, Sturgis alipoteza 2,240 waliouawa, kujeruhiwa na kutekwa. Forrest alipoteza 492.

Lawama kubwa tunamwekea Sturgis, aliyeruhusu msafara wa magari uje karibu mno na mapigano huku nyuma yao kukiwa na daraja moja. Grierson naye alijifunga kwenye pigano ambalo angeweza kulichelewesha.

Nimesikia aliongoza askari weusi, wale Buffalo Soldiers wa kwenye wimbo wa rege wa Bob Marley. Je, ni kweli, na aliwatendeaje?
*Mwanafunzi, Mombasa*

Ni kweli. Sheria ya 28 Julai 1866 iliunda rejimenti sita za askari weusi katika jeshi la kudumu: mbili za farasi, ya 9 na ya 10, na nne za miguu. Maafisa walikuwa wazungu. Askari alijiandikisha kwa miaka mitano, kwa dola 13 kwa mwezi. Baadhi ya maafisa wazungu hawakutaka kabisa kuzitumikia rejimenti hizo. Grierson alikubali ukanali wa ya 10, akabaki nao kwa karibu miaka 24. Jina la Buffalo Soldiers walipewa na wenyeji wa nyanda za magharibi.

Rejimenti ilianzia Fort Leavenworth, Kansas, ambako mkuu wa kambi, Kanali William Hoffman, aliwapangia uwanja wa chini unaotuama maji. Wagonjwa wakawa wengi. Hoffman alitaka pia wasipite gwaride pamoja na askari wazungu. Grierson alibishana naye mbele ya watu na kwa maandishi, akawaagiza makapteni wake wasiandike neno la rangi katika taarifa zao: waandike Rejimenti ya 10 ya Farasi, Jeshi la Marekani, basi. Mwaka 1867 alihamishia makao Fort Riley.

Uandikishaji ulikwenda polepole kwa sababu ambayo haisemwi sana. Kombania ya farasi huendeshwa kwa karatasi: orodha ya farasi, viatu, risasi, chakula. Kazi hiyo ni ya masajini. Watu waliotoka utumwani walikuwa wamekatazwa kusoma kwa sheria za majimbo yao, hivyo mwanzoni maafisa waliandika kila kitu kwa mikono yao, na Grierson akaagiza watafutwe walioelimika huko Philadelphia na kwingineko. Sheria ya 1866 iliipa kila rejimenti ya weusi kasisi, ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kuwafundisha askari kusoma. Utoro, uliokuwa donda ndugu la jeshi la magharibi, katika rejimenti za weusi ulikuwa mdogo sana.

Henry Flipper, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu West Point, chuo cha maafisa wa jeshi la Marekani (1877), alitumikia rejimenti hiyo. Mwaka 1881 alishtakiwa Fort Davis kwa wizi wa fedha za jeshi. Mahakama ya kijeshi ilimwona hana hatia ya wizi, kisha ikamfukuza kwa mwenendo usiomstahili afisa. Grierson aliandika kumtetea, haikusaidia. Rais Bill Clinton alimsamehe rasmi mwaka 1999.

Hilo lisitufanye tusahau askari hao walitumwa kufanya nini. Walitumwa kuwabana Wakiowa, Wacomanche na Waapache kwenye maeneo waliyotengewa. Grierson aliunga mkono siasa ya amani kwa makabila hayo ya Rais Grant (yule jenerali wa Vicksburg), akapendelea mazungumzo na posho kuliko risasi, na wakubwa wake, hasa Philip Sheridan, walimwona mlegevu. Mei 1871, barazani kwa nyumba yake Fort Sill, Jenerali William Sherman aliamuru machifu wa Wakiowa wakamatwe kwa shambulio la msafara wa magari Texas. Madirisha yalifunguka kwa ghafla na bunduki za askari wa rejimenti ya 10 zikatokeza. Chifu mmoja alivuta upinde kumlenga Sherman, mwenzake akamgonga mkono, na Grierson mwenyewe akamrukia chifu Lone Wolf aliyekuwa na bunduki. Hakuna jenerali aliyekufa siku hiyo.

Mnasema uvamizi wa 1863 ndio uliompa jina. Je, ndio kazi yake bora?
*Afisa mstaafu, Gitega*

Kwa maoni yetu, hapana. Kazi yake bora ni ya 1880, na haina picha nzuri kwa sababu ilikuwa kazi ya kukaa kwenye maji.

Turudi nyuma miaka mitatu kwanza. Julai 1877 Kapteni Nicholas Nolan wa rejimenti ya 10 aliongoza askari wapatao 40 na wawindaji wa nyati 22 kuwafuata Wacomanche katika tambarare kavu ya Llano Estacado, Texas. Walifuata nyayo wakaacha kufuata maji. Nyayo zikatawanyika, na maji waliyotarajia hawakuyakuta. Saa 86 walikaa bila tone. Walikunywa mikojo na damu ya farasi wao waliokufa, midomo ikavimba hata hawakuweza kumeza mkate mkavu. Askari wanne walifariki. Kosa lilikuwa wazi: kwa nchi ile kila mwendo hupimwa kwa umbali wa kisima kinachojulikana, na anayekwenda zaidi ya nusu ya nguvu za farasi bila uhakika wa maji mbele, hana tena uwezo wa kurudi.

Grierson, wakati huo akiwa Fort Concho, alikuwa ametumia miaka kuchora ramani za visima na chemchemi za magharibi mwa Texas. Mwaka 1880 Victorio, kiongozi wa Waapache wa Warm Springs, watu walioondolewa kwenye nchi yao na kulazimishwa kuishi kwenye eneo la kutengwa la San Carlos, Arizona, alikuwa akipita Mexico, Texas na New Mexico, na hakuna jeshi lililomfikia kwa kumkimbiza. Amri ilikuja kwamba Grierson apeleke askari New Mexico. Akajibu kwamba itafaa zaidi wakae Texas na kuyashika maji, na akakubaliwa.

Hoja yake ni hesabu ya mfugaji wetu wa Nakuru. Farasi anayefanya kazi katika joto anahitaji lita 30 hadi 45 kwa siku. Victorio alitembea na wanawake, watoto na wanyama. Mlimani anaweza kukupita popote, lakini kisima hawezi kukiruka.

Tarehe 30 Julai, huko Tinaja de las Palmas, Grierson mwenyewe alikuwa juu ya dimbwi la maji na watu wasiozidi 25, kijana wake Robert akiwemo. Walikuwa wamejenga kuta fupi za mawe juu ya kilima. Wapiganaji zaidi ya mia moja walijaribu kupita, wakazuiwa hadi vikosi vya msaada vilipofika, kimoja kikiongozwa na Nolan yuleyule. Victorio akarudi Mexico, kisha akavuka tena upande mwingine kuelekea chemchemi ya Rattlesnake Springs. Grierson aliweka safu ya milima kati yake na adui ili asionekane, akaenda kilomita 105 kwa chini ya saa 21, akafika kwanza. Mchana wa 6 Agosti Waapache waliikuta chemchemi ina wenyewe. Walijaribu, wakashindwa, wakalijaribu gari la chakula lililotokea Fort Davis wakakuta lina askari wa miguu ndani, wakatawanyika. Victorio hakurudi Texas. Oktoba mwaka huo askari wa Mexico chini ya Joaquín Terrazas walimzingira na kumuua huko Tres Castillos.

Inakuwaje jenerali wa 1865 anakuwa kanali mwaka 1866? Alishushwa cheo?
*Dodoma*

Hakushushwa. Palikuwa na majeshi mawili kwa wakati mmoja. Ujenerali wake (brigedia jenerali 3 Juni 1863, baadaye meja jenerali) ulikuwa wa jeshi la kujitolea, lililovunjwa baada ya vita. Ukanali wa 1866 ulikuwa wa jeshi la kudumu, dogo, ambamo nafasi za majenerali zilihesabika kwa vidole na wengi walizisubiri. Juu ya hayo palikuwa na vyeo vya heshima, ambavyo mtu aliitwa kwavyo mezani lakini mshahara haukubadilika. Ndiyo maana katika vitabu utamkuta mtu mmoja akiitwa jenerali, kanali na luteni kanali ndani ya ukurasa mmoja.

Grierson hakusoma West Point, na hakuwa na marafiki wa kutosha Washington. Alipata ubrigedia jenerali wa jeshi la kudumu 5 Aprili 1890, akastaafu 8 Julai mwaka huohuo kwa kutimiza miaka 64.

Tuko Dallas na watoto, tungependa kuwaonyesha. Twende wapi?
*Familia moja, Texas*

Fort Concho iko ndani ya mji wa San Angelo, majengo mengi ya mawe yamesimama na ni makumbusho. Fort Davis, kusini magharibi zaidi, ni hifadhi ya kihistoria ya taifa, na ndiko kesi ya Flipper iliposikilizwa. Fort Sill, Oklahoma, ni karibu zaidi na Dallas, lakini bado ni kambi hai ya jeshi: mtu mzima asiye na kitambulisho cha jeshi lazima apate kibali getini, kwa hiyo ulizieni masharti kabla ya kusafiri. Nyumba ya lile baraza la 1871 ingalipo na inaitwa Sherman House. Ni makazi ya mkuu wa kambi, hivyo mtaiona kwa nje tu.